Bahiat na Askari wa Nyumba Mbili

Habari kwamba mume wake alikuwa watu wawili, Bahiat aliipata bandarini Mutsamudu, Jumanne asubuhi, shelisheli likiwa kwapani.

Aliyemletea ni Mouigni, mchukuzi wa bandari, kijana mpana wa mabega aliyekuwa ameshuka kwenye meli ya Moroni saa ile ile.

"Kwezi, Mama Roukaya," alisema Mouigni, maana ndivyo mdogo anavyomsalimu mkubwa.

"Mbona," Bahiat akamwitikia. "Mzee umemwacha mzima?"

"Mzima kabisa. Ila serikali inasema wako wawili."

"Nani wako wawili?"

"Mzee Chanfi. Kuna Chanfi mmoja anaishi Mutsamudu na mwingine anaishi Moroni, na wote wawili wanadai posho ya vita. Na si yeye peke yake, wazee wengi wametokea hivyo hivyo. Mkubwa wa ofisi amesema orodha imejaa wezi. Ameifunga. Hakuna mzee atakayelipwa kitu, si huku wala kule."

Bahiat alilitazama lile shelisheli kana kwamba ndilo lililosema.

"Na huyo Chanfi wa Moroni anaishi kwa nani?"

Mouigni akageuza macho upande wa winchi. "Mama, nawe unajua anaishi kwa nani."

Alijua, atakosaje kujua. Alijua kwa miaka ishirini na miwili.

Bahiat binti Ahamada alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyethubutu kukiuliza. Alizaliwa kwenye vichochoro vya mji wa kale, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake, ambaye aliachiwa na mama yake. Katika visiwa vile nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huingia na sanduku lake siku ya harusi, na mambo yakiharibika hutoka nalo. Bahiat alishona kofia. Kofia zake zilikuwa na vijitundu vilivyokaa sawa kama nyota zilizofundishwa adabu, na akishataja bei hashuki hata umpigie magoti. Kifaransa hakukijua. Alijua herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani kwa ubao na mkaa, na kwake zilitosha.

Chanfi alimwoa aliporudi vitani. Wafaransa walimchukua akiwa kijana, wakampeleka Madagaska, kisha wakampakia kwenye meli mpaka Indochina, kwenye matope na misitu, akarudi na mguu mmoja mkaidi na nishani mbili. Baadaye alifanya kazi kwenye meli za visiwani, leo Mutsamudu, kesho Moroni, na huko Moroni akaoa mke wa pili, Djaouharia wa mtaa wa Badjanani. Tangu hapo alikaa miezi mitatu huku na mitatu kule. Wale wanawake wawili hawakuwahi kuonana. Hawakutaka.

Miaka mitatu kabla ya Jumanne ile redio ilitangaza kwamba kila mzee aliyepelekwa kwenye vita vya Wafaransa atapewa posho na serikali yake mwenyewe, posho ya heshima, mara mbili kwa mwaka. Chanfi, aliyekuwa amejinyoosha mkekani, aliinuka akasimama wima akaipigia redio saluti. Kesho yake akaita fundi, wakaanza kuinua kuta za nyumba ya Roukaya nyuma ya nyumba ya mama yake. Roukaya ndiye binti yao wa mwisho, na binti haolewi barazani, huolewa kwenye nyumba yake. Mchumba alikuwepo, Abdou, mwalimu wa shule, kijana mtulivu.

Kuta zikasimama. Posho haikuja. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale Wazungu walioshuka pwani mwaka wa sabini na nane wakapindua serikali, kisha wakabaki na bunduki zao, na watu wakajifunza kusema kwa sauti ndogo. Vanila ilianguka bei, karafuu zikakosa mnunuzi, mchele ukapanda mpaka watu wakarudi kwenye ndizi mbichi na muhogo. Ndani ya chumba cha Roukaya kisicho na paa mpapai ulijiotea wenyewe, ukakua, ukazaa. Majirani wakawa wanauliza, "Bibi harusi wetu bado anafuga mapapai?" Na mama yake Abdou, mwanamke mpole lakini si mjinga, alishafika kusema kwamba watangoja mpaka Maulidi. Baada ya Maulidi, kuna watu Domoni wana binti na nyumba yenye paa.

Sasa Maulidi ilikuwa imebaki miezi miwili, na serikali inasema Chanfi ni watu wawili.

Bahiat aliporudi nyumbani hakukaa. Alifungua sanduku akatoa kopo la biskuti lenye nishani.

"Mama, unakwenda wapi?" Roukaya akauliza.

"Moroni."

"Moroni utalala wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye vitanda. Nipe shiromani yangu nyekundu nijifunike. Na ufunge mlango wa nyuma, mbuzi wa jirani anajipendekeza."

Kosa, Bahiat alilijua, lilianzia mlangoni pake mwenyewe. Mwaka uliopita mwandikishaji alipita nyumba kwa nyumba akiuliza ni askari gani wa zamani anaishi hapa. Siku ile Chanfi alikuwa Moroni. Angesema, hayupo, mwandikeni huko? Hata kidogo! Alimwonyesha mwandikishaji nishani, akamwonyesha kigingi anachotundikia kofia, akasema, "Nyumba yake ni hii." Akaandikwa. Na hakuna haja ya kuambiwa kilichotokea Badjanani wiki hiyo hiyo. Mwanamke gani wa visiwa vile angesimama mlangoni pake aseme mume wangu haishi kwangu?

Meli ilitia nanga mbali na Moroni, kama kawaida ya meli kubwa pale, na abiria wakateremshwa kwenye mashua ndogo. Baharia mmoja alitaka kumbeba Bahiat. Alimtazama tu, yule baharia akabeba mzigo.

Ofisi ilikuwa kwenye barabara ya juu, na hakuhitaji kuuliza njia. Wazee kama arobaini walikuwa wamesimama mbele yake juani, kanzu zimepigwa pasi, nishani zimebandikwa vifuani, wengine wakiwa na fimbo, mmoja akishikiliwa na mwenzake. Walikuwa wametandaza shuka ukutani, juu limeandikwa Kifaransa, chini herufi za Kiarabu. Za chini Bahiat alizisoma polepole: *Tulikwenda tulipoitwa. Tumekuja, tuitikieni.*

Chanfi alipomwona, fimbo ilimtoka mkononi.

"Bahiat! Umekuja na nini?"

"Na meli. Kwa nini umekonda? Huko hupewi chakula?"

Wazee wakacheka, hasa mmoja mfupi, mwenye jicho moja, aliyeitwa Mbaé. Walikuwa kikosi kimoja na Chanfi huko Indochina. "Karibu, shemeji!" alisema. "Niangalie mimi. Mke mmoja, nyumba moja, jina moja kwenye orodha. Wiki ya tatu nachomwa na jua kwa ajili ya ulafi wa mume wako!"

"Mbaé, wewe umeoa mmoja kwa sababu wa pili alikukataa," Chanfi akamjibu.

"Wa pili alikuwa na akili. Lakini mwenye mmoja na mwenye wawili tunachomwa na jua lile lile."

Walikuwa hawajamaliza kucheka gari la jeshi likaja. Akashuka mmoja wa wale Wazungu, nguo nyeusi, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Mikusanyiko ilikuwa marufuku, kila mtu alijua. Kicheko kikakatika. Yule Mzungu akawapitia mmoja mmoja, akasimama mbele ya Chanfi, akainama kuitazama nishani iliyokuwa kifuani pake, ya kuazima, maana zake mbili zilikuwa kwenye kopo la Bahiat. Akasema jambo kwa Kifaransa, kisha akampigia saluti.

Chanfi hakuinua mkono. Alijibu maneno machache. Yule Mzungu akawa mwekundu zaidi, akaonyesha saa yake, akapanda gari akaenda.

"Amesema nini?" Bahiat akauliza.

"Ameuliza nilipigana wapi. Nikamwambia."

"Na saluti yake mbona hukuirudisha?"

"Nilimuuliza kama mshahara wake huchelewa. Akasema hauchelewi. Nikamwambia, basi, ukichelewa miaka mitatu, njoo usimame na mimi hapa, nami nitakupigia saluti." Chanfi akaokota fimbo yake. "Ametuambia tuondoke adhuhuri."

Na kweli adhuhuri waliondoka wote wakaenda kuswali, kisha wakarudi. Hakuna aliyekuwa amewaambia wasirudi. Wiki tatu walikuwa wakifanya hivyo.

Bahiat hakungoja swala iishe. Aliingia ofisini. Kwenye dirisha la wazee alikaa karani aitwaye Soilihi, kijana wa tai na miwani, aliyesoma ng'ambo na ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Bila kuinua uso alisema, "Jina?"

Bahiat akanyamaza.

"Jina, bibi?"

Kimya. Soilihi akainua uso, akaona shiromani nyekundu na juu yake macho mawili yasiyopepesa. Akakumbuka salamu ya bibi mzee.

"Kwezi, koko."

"Mbona, mjukuu wangu. Sasa tunaweza kuzungumza. Mimi ni mke wa Chanfi Abdoulkarim. Hizi nishani zake."

"Wa Mutsamudu," Soilihi akasema akifungua jalada. "Hapa nina Chanfi Abdoulkarim wa Mutsamudu mwenye nishani, hana kitabu cha jeshi. Na nina Chanfi Abdoulkarim wa Badjanani mwenye kitabu cha jeshi, hana nishani."

"Kitabu ninacho mimi," ilisema sauti nyuma.

Bahiat hakugeuka haraka. Alijua kabla ya kugeuka. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa mrefu, mwembamba, buibui safi, uso umepakwa msindano, ule urembo wa njano wa msandali uliosagwa, na mkononi ameshika kijitabu kilichofungwa kwenye leso. Wakatazamana kutoka juu hadi chini, taratibu, kama watu wanaochagua kitambaa dukani.

"Bi Djaouharia," akasema Bahiat.

"Bi Bahiat," akasema Djaouharia. "Nilidhani u mrefu zaidi."

"Mimi nilidhani u kijana zaidi."

Soilihi akapenga pua isiyokuwa na makamasi. "Vizuri. Mmekuja wote, na hilo ni jema. Mtu ana makazi mamoja tu. Nikipata makazi mamoja, nishani na kitabu vinakaa jalada moja, Mzee Chanfi anakuwa mtu mmoja, analipwa. Mzee anaishi wapi?"

"Kwangu," wakasema wote wawili.

"Basi mmoja wenu atie kidole kwenye karatasi hii kwamba mzee haishi kwake."

Hakuna kidole kilichosogea kwenye karatasi. Soilihi alikuwa amesoma sana, lakini kule alikosoma hawakumwambia kile alichokiomba. Mwanamke kutia kidole kwamba mume haishi nyumbani kwake ni kujiandikia talaka mwenyewe, tena mbele ya mke mwenza.

"Mimi sikupanda meli kuja kuachika," alisema Bahiat.

"Nami sikuvuka barabara," alisema Djaouharia.

Wakatoka. Nje wazee waliwaona nyuso zao, hawakuuliza. Kulikuwa na wazee wengine kumi na tisa wa hali ya Chanfi pale, na kila mmoja alikuwa na wanawake wawili waliokwisha kusema maneno hayo hayo.

Barabarani Djaouharia akasimama. "Utalala wapi?"

"Nina watu."

"Huna watu Moroni. Ungekuwa nao ningewajua. Twende."

Bahiat alitaka kukataa, na alikuwa na maneno ya kukataa yanayotosha mtaa mzima. Lakini miguu yake bado ilikuwa inayumba kwa meli, na shelisheli la jana lilikuwa lingali kwenye kikapu. Haingii mtu nyumba ya watu mikono mitupu. Mlangoni Badjanani akalitoa, akamkabidhi mwenye nyumba bila neno, na mwenye nyumba akalipokea kwa mikono miwili.

Djaouharia alilichoma shelisheli juu ya makaa, akapakua mataba ya kisamvu yenye nazi nzito na kipande cha papa. Bahiat akala huku macho yakifanya kazi. Nyumba safi, lazima aseme kweli. Kitanda cha kamba. Saa ya ukutani hapana, alama yake tu. Na mlangoni kigingi kama cha kwake, na kwenye kigingi kofia. Aliijua kabla hajainuka. Alikuwa ameishona yeye.

"Nimeifua miaka kumi na moja," alisema Djaouharia aliyefuata macho yake. "Haijalegea hata tundu moja. Nimewahi kukutukana mengi, nisikufiche, lakini mkono wako sijawahi kuutukana."

Bahiat akatafuna polepole. "Mataba yako yana nazi ya kutosha," akasema, na aliyemjua Bahiat angejua kwamba hilo ni tamko kubwa.

Kahawa ikaja. Jua la alasiri lilikuwa limeingia uani.

"Tia kidole wewe," alianza Bahiat. "Wewe ndiye uliyekuja nyuma."

"Tia wewe. Umekaa naye miaka thelathini na kitu, umeshamchoka."

"Nimemchoka, lakini ni wangu kumchoka. Nina binti hana paa. Baada ya Maulidi mchumba anakwenda."

Djaouharia akaweka kikombe chini. Hakuwa na mtoto. "Roukaya," alisema taratibu. "Chanfi hasemi habari nyingine. Hata mpapai naujua." Akakisukuma kikombe pembeni. "Lakini nikitia kidole pale, kesho Badjanani nzima itasema Djaouharia ameachwa. Nitapita wapi?"

"Na mimi itakuwa Mutsamudu yote mpaka Ouani kwa ndugu zake Chanfi."

"Ouani," alisema Djaouharia. "Wifi yetu Chamsia yu hai?"

"Yu hai, na mdomo wake u hai zaidi. Anakaa nyumba ile ile ya mama yao."

"Alinitumia salamu mbaya sana mwaka ule niliomfukuza Chanfi."

Bahiat akageuka mwili mzima. "Ulimfukuza? Lini?"

"Alipouza saa yangu ya ukutani. Nikamtolea sanduku nje. Alipanda meli siku ile ile akaenda kwa dada yake Ouani, akakaa mwezi mzima."

"Akaniambia mwezi ule ana kazi Ouani, anapaka rangi msikiti!"

"Alikuwa amefukuzwa."

"Mimi nilimfukuza mara mbili," alisema Bahiat. "Ya kwanza habari yako iliponifikia. Ya pili alipomkopesha Mbaé mbuzi wa Idi. Mara zote mbili alikwenda Ouani."

Wakatazamana. Kitu kikaanza kutikisika kifuani kwa Djaouharia, kikapanda, na Bahiat naye akahisi mbavu zinamsaliti, na wanawake wale wawili ambao hawakutaka kuonana miaka ishirini na miwili wakacheka mpaka kahawa ikamwagika mkekani.

"Dada," alisema Djaouharia akifuta macho, "sisi tunagombea nini? Mtu huyu nyumba yake iko Ouani."

Bahiat aliacha kucheka. "Sema tena."

Kesho yake walipofika barabara ya juu, wote wawili na kopo na kitabu, walikuta wazee wamekaa kimya. Gari la jeshi lilikuwa limekuja mapema. Leo haikuwa habari ya adhuhuri. Walikuwa wameambiwa kwamba ikifika alasiri barabara iwe tupu, na atakayebaki atapandishwa gari. Baadhi walianza kutazama fimbo zao. Mbaé peke yake alikuwa amejilaza chini ya lile shuka. Alisema alishapandishwa magari mabaya kuliko hilo.

"Chanfi," Bahiat akasema, "njoo. Usiseme neno mpaka nikuambie."

Soilihi aliwaona akasimama kabisa. "Kwezi, koko. Kwezi, mama."

"Mbona. Mjukuu wangu, wewe umeoa?"

"Bado."

"Utaoa. Siku mkeo akikutolea sanduku nje, utakwenda wapi?"

Soilihi akatazama huku na huku. Makarani wengine walikuwa wameacha kazi. "Kwa... kwa mama yangu, Mbeni."

"Umesikia, dada?" Bahiat akamwambia Djaouharia.

"Nimesikia. Atakwenda Mbeni."

"Sasa muulize huyu askari. Bwana Chanfi, simama sawa. Sisi tukikufukuza unakwenda wapi?"

Chanfi alisimama wima. Alitazama mke mmoja, akatazama wa pili, akaona wameshazungumza, na sikio moja likamwaka moto. "Ouani," alisema. "Kwa mama yangu. Mara tatu."

Ofisi yote ikaangua kicheko, na dirishani, ambako wazee walikuwa wamebanana kusikiliza, kicheko kikaingia kama upepo.

"Mwandike Ouani," alisema Bahiat. "Kwangu anakaa, na kwa huyu anakaa, na hakuna kati yetu atakayetia kidole kwamba hakai. Lakini kwangu anakaa kwa ridhaa yangu, na kwake kwa ridhaa yake. Nyumba isiyoweza kumfukuza ni moja, nayo ni moja tu kwa kila mwanamume, maana hakuna aliyezaliwa na mama wawili. Hizi nishani. Hiki kitabu. Viweke pamoja."

Soilihi alichukua kalamu, akaiweka, akavua miwani, akaenda kwa mkubwa wake. Mkubwa akatoka, mtu mnene mwenye leso ya jasho, aliyekuwa ameshaambiwa habari ya alasiri na hakutaka wazee waburutwe mbele ya mlango wake. Akamsikiliza Soilihi, akamtazama Bahiat, ambaye hakupunguza macho hata chembe. "Na hao wengine?" akauliza.

"Wengine pia walizaliwa," akasema Djaouharia.

Hapo ndipo Mbaé, mwenye mke mmoja na jina moja, akapaza sauti barabarani kama kamanda: "Kikosi! Kila mtu kwa mama yake! Panga mstari!"

"Mimi Mitsamiouli!" akaitika mmoja.

"Foumbouni!"

"Domoni, nyumba ya mama, dada yangu yupo!"

Walijipanga mmoja nyuma ya mwenzake, migongo iliyopinda ikajinyoosha kadiri ilivyoweza. Soilihi aliandika mpaka vidole vikakakamaa, na kila jina lililokuwa mara mbili likarudi kuwa moja.

Gari la jeshi lilipokuja alasiri, yule Mzungu hakukuta mkusanyiko. Alikuta mstari. Akauliza, na karani mwenye tai akatoka mlangoni, mikono imejaa wino, akamjibu kwa Kifaransa safi kwamba hawa si waandamanaji, hawa wanajiandikisha, ofisi imewaita. Yule Mzungu akasimama kidogo, akauangalia mstari toka mwanzo hadi mwisho, akaondoka. Shuka lilikuwa lingali ukutani. Hakuna aliyelitoa, na hakuna aliyeambiwa alitoe.

Posho ilitoka wiki mbili kabla ya Maulidi. Haikuwa yote. Ilikuwa nusu ya ile iliyotangazwa redioni, na wazee wakaambiana kwamba nusu iliyobaki watakwenda kuisimamia mwakani, na shuka likunjwe vizuri lisiliwe na mende. Lakini siku ya malipo mlangoni pa ofisi liliitwa jina "Chanfi Abdoulkarim, Ouani," likaitwa mara moja tu, akatoka mtu mmoja akaenda na mguu wake mkaidi kuipokea. Bahiat alisimuliwa hivyo na Djaouharia, aliyekuwepo.

Mabati yalishuka bandarini Mutsamudu mgongoni mwa Mouigni, aliyekataza mtu mwingine asiyaguse. Mpapai ukakatwa, mapapai ya mwisho wakala mafundi, na ile siku paa lilipokaa mvua ikanyesha, Roukaya akasimama ndani ya chumba chake katikati, akiusikiliza mlio wake juu bila kulowa, akicheka peke yake. Mama yake Abdou alikuja na sinia la vitumbua. Hakutaja Domoni.

Kwenye harusi Djaouharia alifika na meli, akalala nyumba ya Bahiat, kitanda kizuri, na majirani wakashindwa waseme nini, wakasema tu kwamba msindano wake umepakwa vizuri. Chamsia alikuja kutoka Ouani na mdomo wake. Baada ya wageni kupungua, wake wawili walitia kitabu cha jeshi ndani ya kopo la biskuti pamoja na nishani, wakaliweka kwenye kisanduku, wakakifunga kwa kufuli. Chamsia akakabidhiwa aende nacho Ouani, kikae kwenye nyumba ya mama yao, ili mwandikishaji akija tena asikute nusu ya mtu mahali popote.

"Haya," alisema Chamsia, kisanduku kichwani, "na ufunguo?"

"Uko mahali pazuri," akasema Bahiat.

Djaouharia akamtazama. Bahiat akaangalia paa la Roukaya lilivyong'aa, akajifunika shiromani vizuri, na ncha yake, ile aliyokuwa ameifunga fundo lenye kitu kidogo kigumu ndani, akaikalia.